Nani Atalala Humu? Maneno kwa Wanaotaka Kuanza Kupangisha

Hotuba hii niliitoa Jumamosi mbele ya wanachama wa vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, hapa Temeke. Mvua iliwazuia wengi, na waliokosa wameomba niiweke yote. Nimeiacha kama ilivyosemwa, ila nimeondoa pale umeme ulipokatika tukakaa tunasubiri. Hesabu nilizoandika ubaoni nimezieleza kwa maneno.

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa vikundi, wazee wangu wa mstari wa mbele, shikamooni. Akina mama wenzangu na ninyi vijana, poleni na mvua.

Nimeombwa nizungumzie nyumba za kupangisha. Nitazungumzia vyumba. Sitagusa maghorofa ya Masaki wala zile apatimenti za kulaza wageni siku mbili tatu. Nazungumzia ile nyumba ya vyumba vinne au sita, korido katikati, uani bomba na choo, ambayo wengi wenu mmezaliwa ndani yake, na ambayo kila mtumishi anayekaribia kustaafu anaiota usiku.

Nyoosheni mikono. Nani ana kiwanja? Naam, mikono mingi. Nani ana pagale? Ehee, bado mingi. Nani anapokea kodi ya wapangaji mwaka mzima bila kugombana na mtu? Mmoja. Na huyo anacheka, kwa hiyo simwamini.

Vijana, mnaona kupangisha ni jambo la kawaida tu. Haikuwa hivyo siku zote. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi wa chama na serikali, mpaka watumishi wa ngazi ya kati, kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo: jengo la kupangisha lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 likachukuliwa na serikali, likawekwa chini ya Msajili wa Majengo. Wazee pale mbele wanatikisa vichwa, wanakumbuka. Masharti ya viongozi yalilegezwa mwaka 1991, kule Zanzibar. Bibi mwenye vyumba vyake vitatu Magomeni hakuguswa muda wote huo, aliendelea kukusanya kodi yake. Lakini mtumishi, yule aliyesoma hesabu, yule ambaye angeweza kumfundisha mwanawe biashara hii kwa daftari, alikatazwa kuifanya. Ndiyo maana wengi wetu tumeiingia bila mwalimu. Tunamtazama jirani amejenga nini, na sisi tunajenga hichohicho.

Na hapo ndipo tunapokosea mpangilio wa maswali. Mtu akipata pesa za kikoba au za kiinua mgongo, swali lake la kwanza ni: kiwanja kiko wapi, na bei gani? La pili: fundi anataka shilingi ngapi? La tatu: bati la rangi gani? Nyumba imekwisha, imepakwa rangi, geti limefungwa, ndipo anauliza: jamani, mpangaji nitampata wapi?

Mimi nawaomba mgeuze. Anza na mtu. Kabla hujalipa hata shilingi ya udalali, simama kwenye hicho kiwanja, tazama kushoto, tazama kulia, ujiulize: nani atalala humu? Anafanya kazi gani? Anaamka saa ngapi, anapanda nini kwenda kazini, na jioni mfukoni amebaki na kiasi gani?

Nawafahamu walimu wawili, mume na mke, walijenga upande wa Chanika ndani kabisa. Wakajenga vizuri. Vyumba vya masta vinne, kila kimoja choo chake ndani, vigae mpaka ukutani, dirisha la alumini. Walitaka 150,000 kwa mwezi kwa chumba. Waliona bei hiyo Sinza, wakadhani bei inatokana na vigae. Sasa nani anakaa kule ndani? Wanaolima mboga, vijana wa bodaboda, mafundi ujenzi, mama lishe. Watu wa kazi kwelikweli, ila ni watu wa kupata leo na kula leo. Vyumba vikakaa vitupu mpaka buibui wakawa ndio wapangaji. Mwisho walivitoa kwa 60,000, na anayelala mle bafuni ameweka magunia ya mkaa.

Upande wa pili yuko mama mmoja Tandika, karibu na soko. Vyumba vyake ni vya kawaida, sakafu ya saruji, choo cha uani. Lakini kuna bomba lenye maji, kuna taa ya nje, na mwenye kuuza nguo za mtumba anaweza kurudi usiku na robota lake bila kupanda gari. Mpangaji akihama asubuhi, jioni kuna mwingine. Vigae viko wapi?

Mpangaji halipi kodi peke yake, analipa kodi na nauli. Anaziweka pamoja kichwani hata kama hakwambii. Chumba cha 40,000 kinachomtaka apande magari mawili kwenda na mawili kurudi ni chumba ghali kuliko cha 60,000 anachotoka kwa miguu. Ndiyo sababu mabasi ya Mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, aliyekuwa na vyumba karibu na kituo alikuwa na la kumwambia mpangaji, na aliyekuwa kilomita mbili ndani hakuwa nalo. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka huohuo. Wengi walikimbilia viwanja ng'ambo wakijua mji umevuka. Kweli umevuka, lakini darajani kuna tozo, na mwenye gari anayetaka kupanga kwako Kigamboni ataihesabu kila siku anapokwenda na kurudi.

Nani atalala humu? Ukijenga Changanyikeni kwa ajili ya wanafunzi wa Chuo Kikuu, jua kuna likizo ndefu, na mwanafunzi hapendi kulipia miezi asiyolala. Ukijenga Dodoma kwa sababu serikali ilitangaza kuhamia mwaka 2016, sawa, watumishi walihamia na vyumba vikatafutwa. Lakini mtumishi huyo naye ana kiwanja. Anajenga. Siku akimaliza anahama kwako, na mwakani naye anakuwa mwenye nyumba anayetafuta mpangaji. Je, umejipanga kwa siku hiyo?

Haya. Umeshamjua mpangaji wako. Sasa tuingie kwenye ardhi, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu wanalia.

Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini kwa niaba yetu. Sisi tunapewa haki ya kuitumia: kwa hati ya miaka 33, au 66, au 99. Kuna leseni ya makazi, ambayo inatolewa kwenye maeneo yasiyopimwa. Hiyo haizidi miaka mitano kwa kipindi na inatakiwa kuhuishwa. Halafu kuna kitu ambacho wengi wenu mnacho kwenye mkoba sasa hivi, mkiwa mmekikunja mara nne: karatasi ya kuuziana yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Siidharau karatasi hiyo. Inaonyesha kwamba mliuziana, na kwamba mwenyekiti na mashahidi waliona. Lakini mwenyekiti wa mtaa hagawi ardhi. Kama aliyekuuzia hakuwa na haki ya kuuza, muhuri hauiumbi haki hiyo.

Kwa hiyo swali si "ana karatasi?" Kila mtu ana karatasi! Swali ni: karatasi hii imetoka kwa nani, na huyo naye aliipata wapi?

Kiwanja kikiwa kimepimwa na kina hati, kazi ni nyepesi. Nenda kwa Msajili wa Hati ufanye upekuzi, utaambiwa jina la mmiliki na kama benki imekishikilia. Ni fedha kidogo sana ukilinganisha na bei ya kiwanja, na bado naona watu wanaibania. Mtu analipa milioni nane kiwanja, anashindwa kulipia upekuzi na saa moja ya wakili! Kikiwa hakijapimwa, upekuzi wako ni wa miguu. Nenda bila dalali. Nenda siku ya kazi, nenda na Jumapili. Wasalimie majirani wa pande zote nne, waulize mpaka uko wapi na nani alikuwa analima hapa zamani. Majirani wanne wakikupa majibu manne, rudi nyumbani na pesa zako.

Kijana mmoja alinunua nyumba ndogo ya vyumba vitatu Tabata kwa baba wa makamo, mtu mstaarabu, mkarimu, amempa na chai. Wakaandikishana, wakagongewa muhuri. Wiki ya tatu akaja mama na watoto na mabegi, amerudi kutoka msibani mkoani. "Nani wewe uliyebadilisha kitasa kwangu?" Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Yule kijana alikuwa na mkataba safi kabisa, lakini hauna sahihi ya mke. Kesi imekula pesa kuliko nyumba. Ukinunua kwa mume, mtake mke. Ukinunua kwa mke, mtake mume. Anasema hajaoa? Akuapie kwa maandishi mbele ya wakili, halafu wewe bado uwaulize majirani, maana majirani hawaapi lakini wanajua.

Na nyumba za urithi! Kaka mkubwa anauza, anasema wadogo zake wamekubali kwa simu. Simu gani? Nyumba ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Muombe barua ya uteuzi, ipeleke mahakama ilikotoka waitazame kama ni yao, na warithi wote watu wazima waweke sahihi. Ninyi mnaijua Dar es Salaam. Mrithi asiyepewa fungu lake hasahau, hata akiwa Muscat.

Jambo jingine kwenye ardhi ni hifadhi. Wanakikundi, mnakumbuka mwaka 2017, Kimara kwenda Kiluvya? Nyumba zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, zimehesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Zilikuwamo nyumba za wapangaji, zilikuwamo fremu za maduka zilizokuwa zinalipa vizuri kuliko chochote tunachozungumza leo, kwa sababu ziko barabarani. Kilichofanya zilipe ndicho kilichozibomoa. Na bondeni Msimbazi je? Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu Jangwani, wengine wakapelekwa Mabwepande. Desemba 2015 zikabomolewa nyumba nyingine. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto zisijengwe. Dalali hatakwambia mita 60. Atakwambia, "Mama, hapa maji hayafiki." Njoo mwenyewe Aprili, mvua ya masika ikiwa inanyesha, utazame hayafiki mpaka wapi.

Sasa hesabu. Naomba chaki.

Nimeandika nyumba ya mfano, msiende kuitafuta. Vyumba vinne, upande wa Mbagala. Kiwanja milioni 8, ujenzi wa kawaida pamoja na choo na kisima cha kuhifadhia maji milioni 22. Jumla milioni 30. Kila chumba 50,000 kwa mwezi. Vinne ni 200,000. Kwa mwaka ni 2,400,000.

Mtu wetu anachukua milioni 30 anagawa kwa milioni 2 na laki 4. Anapata miaka kumi na miwili na nusu. Anafurahi, anasema pesa imerudi, kuanzia hapo nakula faida mpaka nife. Hesabu hii nimeisikia kwenye vikao, kwenye misiba, kwenye daladala.

Sasa tuitoe hewa. Vyumba havijai miezi kumi na miwili. Mpangaji anahama, unapaka chokaa, unatafuta mwingine. Hesabu mwezi mmoja mtupu kwa kila chumba: 200,000 imeondoka. Ukarabati: kitasa, bati lililopeperuka, koki ya bomba, waya, na gari la kunyonya choo. Weka 250,000, na mwaka wa shida hiyo haitoshi. Kodi ya majengo ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, tangu mwaka 2021, ilipoanzia shilingi 1,000. Kwa mwaka ni 18,000. Halafu tenga asilimia 10 ya pango kwa ajili ya Mamlaka ya Mapato, TRA; kwenye 2,200,000 uliyoipokea ni 220,000. Naona mnatazamana. Mimi nimekuwa mhasibu miaka yote ya ajira yangu, siwezi kusimama hapa nikawaambia msiihesabu.

Imebaki 1,712,000. Kwenye milioni 30, haifiki asilimia 6 kwa mwaka. Ile miaka kumi na miwili na nusu imekuwa kumi na saba na nusu.

Mwaka 2022 Benki Kuu iliuza hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, za miaka 25 zenye riba ya asilimia 12.56 kwa mwaka. Milioni 30 hizohizo zingekuletea 3,768,000 kila mwaka. Hakuna choo kinachojaa. Hakuna mpangaji anayekupigia saa nne usiku kwamba jirani amefungulia muziki. Na huhitaji milioni 30, unaanza na milioni moja.

Kwa hiyo tusijenge? Sijasema hivyo, na yule mzee asininunie. Nyumba ina mawili ambayo hatifungani haina. Kodi unaweza kuipandisha miaka ikienda, riba ile haipandi. Na ardhi inapanda: milioni 30 utakazorudishiwa baada ya miaka 25 hazitanunua matofali yaleyale, lakini kiwanja chako kitakuwa kimekwenda na mji. Ndiyo maana nasema, kwenye nyumba ndogo za kupangisha faida kubwa iko ardhini, na kodi ni ya kukusaidia kusubiri. Anayejenga mahali ambapo ardhi haitapanda, kwa wapangaji wasioweza kulipa zaidi, amebaki na asilimia zake tano na kazi ya kukimbizana na choo. Hilo ndilo ninalotaka mliogope.

Na mkopo? Hapa nitakuwa mkali. Mikopo ya benki zetu inacheza karibu na asilimia 15 kwa mwaka. Ukikopa milioni 30 zote, riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni karibu milioni 4 na nusu. Kodi yako ya mwaka, vyumba vikijaa bila kukosa hata siku moja, ni milioni 2 na laki 4. Nani atalipa iliyobaki? Mshahara wako. Sasa hapo nani anamlisha mwenzake, nyumba inakulisha wewe au wewe unailisha nyumba? Kukopa kidogo kumalizia paa, ukiwa umeshafika kwenye linta kwa pesa zako, naelewa. Kukopa kuanzia msingi kwa matumaini kwamba wapangaji watalipa rejesho, hiyo hesabu haipo. Nimeitafuta.

Niseme kidogo kuhusu kuishi na wapangaji, maana muda unakwenda na chakula kinanukia.

Wengi tunadai kodi ya miezi sita, wengine mwaka. Inaleta raha siku ile unapohesabu noti. Baba mmoja Yombo alipokea miezi sita ya vyumba vitano kwa wakati mmoja, akanunua pikipiki akampa kijana wa bodaboda. Mwezi wa pili choo kikajaa, wa tatu upepo ukaezua bati mbili, na yeye hana hata elfu thelathini. Wapangaji wameshalipa, hawana cha kumwongezea, na mvua inawanyeshea kitandani. Pesa ya miezi sita si yako siku unayoipokea. Inakuwa yako mwezi baada ya mwezi, kadiri mtu anavyolala. Iweke pembeni uwe unaimega. Mimi nachukua miezi mitatu, na najua baadhi yenu mnaniona mjinga. Lakini mtu wa kipato cha siku ukimlazimisha miezi sita, anakopa kukulipa wewe, na deni hilo litakuja kukugongea mlango wakati wa miezi sita ya pili.

Dalali naye mtumie, ila mfahamu. Anachukua kodi ya mwezi mmoja kwa mpangaji anapoingia. Maana yake anakula mlangoni. Mpangaji akikaa kwako miaka minne, dalali amekula mara moja. Akihama kila miezi sita, amekula mara nane. Sasa unategemea nani akutafutie mpangaji wa kudumu? Mpangaji mzuri mara nyingi analetwa na mpangaji mzuri aliyepo. Ukiwa na chumba kitupu, waambie waliomo kwanza.

Mkataba andika, hata wa ukurasa mmoja. Majina kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, namba ya mdhamini, kiasi, tarehe ya kuanza na kuisha, watu wangapi watalala, umeme na maji vinalipwaje, na notisi ya muda gani. Nakala mbili, kila mtu na yake. Kwenye umeme naomba msifanye ubahili. Nimeona vyumba vinne kwenye LUKU moja: mmoja ana taa tu, mwingine ana pasi, na mama wa tatu ana friji anauza barafu na juisi. Kila Jumamosi vita, mpaka siku moja wakamkatia waya barafu zote zikayeyuka uani. Nani alikuwa na kosa pale? Aliyejenga. Submita nne, mita ndogo moja kwa kila chumba, zingegharimu pungufu ya kodi ya mwezi mmoja ya nyumba nzima. Na ile kodi ya majengo inayokatwa kwenye umeme, anayekatwa ni anayenunua LUKU, yaani mpangaji, ilhali mali ni yako. Mrudishie. Ni shilingi 1,500, usigombane na mtu kwa bei ya chai na vitumbua.

Na asipolipa? Msing'oe mlango. Msiezue bati. Nawatazama, nawajua. Kuna wenye nyumba mji huu wakidai kodi wanapanda juu ya paa na nyundo, halafu wanashangaa wamekuwa washtakiwa wao. Toa notisi ya maandishi, mpitishe mtendaji au mwenyekiti. Baraza la kata tangu mwaka 2021 kazi yake kwenye migogoro ya ardhi ni kusuluhisha tu, haliamui tena. Likishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko watataka kuona mkataba. Sasa mmeelewa kwa nini nimesema andikeni? Ila nitawaambia ukweli wa mhasibu: mpangaji wa 50,000 ambaye amekwama miezi miwili, mara nyingi ni nafuu kumsamehe mwezi mmoja kwa makubaliano ahame kwa amani kuliko kufungua shauri. Inauma, lakini nauli na siku za kazi utakazopoteza zinazidi deni.

Nimemaliza niliyokuja nayo. Mwenyekiti amesema kuna muda wa swali moja. Haya, kijana mwenye shati la bluu.

(Aliuliza: "Shikamoo mama. Mimi nina milioni nane, nimeziweka miaka. Dalali ananionyesha pagale Chanika, anasema nikiongeza mbili ni langu. Naishi kwa baba, Mtoni. Nianze wapi?")

Marahaba mwanangu, na hongera, milioni nane si mchezo. Pagale la Chanika achana nalo. Ukilinunua utakuwa na kuta na huna pesa ya paa, na kuta zisizo na paa zinaoza mvua mbili tatu.

Kwa baba Mtoni uani kuna nafasi? Ipo. Basi tazama hapo. Vyumba viwili vya kushikana na ukuta uliopo, choo kipo, maji yapo, kiwanja hununui. Kwa milioni nane vinasimama. Mtoni unajua nani atalala: watu wa viwandani, watu wa bandarini, unakutana nao kituoni kila asubuhi. Kila chumba 50,000, kwa mwaka 1,200,000. Hiyo ni asilimia 15 kabla ya matumizi, na hata ukitoa yote niliyoyatoa pale ubaoni bado umempita mtu wa milioni 30. Na koki ikivuja unaisikia ukiwa kitandani, hupandi gari kwenda kuitazama.

Lakini kiwanja ni cha nani? Cha baba. Una ndugu wangapi? Watano, na mdogo wa kike yuko Mwanza. Basi kabla hujanunua hata tofali moja, kaa na baba, mama na hao ndugu zako, muandike: vyumba hivi viwili vimejengwa kwa pesa za fulani, kodi yake ni ya fulani, na ikitokea nyumba inauzwa au inagawanywa, fulani anarudishiwa kiasi gani. Wote waweke sahihi, wakili agonge muhuri. Mdogo wako wa kike aliye Mwanza naye asainishwe, usiseme utampigia. Baba akikataa, usimlaumu, ni haki yake; peleka milioni nane kwenye hatifungani au kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT huku ukitafuta kiwanja kilichopimwa. Akikubali, karatasi hiyo iandikeni mwezi huu, mzee akiwa anakwenda msikitini kwa miguu yake, msisubiri kuiandikia Muhimbili.